Maji Kinywani mwa Baba

Jumapili, 9 Machi. Kemambo

Nimefika nikiwa na tope hadi magotini. Kijana wa bodaboda alinishusha kwenye kona ya kanisa, akasema mbele hapapitiki, na kweli hapakupitika.

Baba yuko kitandani katika nyumba kubwa. Upande wake wa kulia umekufa, mdomo umevutwa chini, na maneno yote yamekwisha. Mzee Waitara, ambaye akiita ng'ombe alisikika hadi ng'ambo ya bonde, sasa anasema "eee". Njaa ni eee. Maumivu ni eee. Nilipomwamkia shikamoo, akasema eee.

Aliyenipigia simu ni baba mdogo Matiko. Amenikabidhi mgonjwa kama mlinzi anayekabidhi zamu. "Wewe huna mume wa kukuuliza uko wapi, Tabitha. Kaa na baba yako." Mwalimu mkuu amenipa ruhusa hadi baada ya Pasaka, kwa shingo upande. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili kule Nyamisangura nimewaacha katikati ya mfumo wa jua.

Sikulia. Nilidhani nikimwona hivi nitalia, au nitafurahi, maana nimewahi kumwombea mabaya zaidi ya haya. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilifagia.

Jumatatu, 10 Machi

Muuguzi Agustina amekuja kutoka zahanati. Ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Amemgusa baba shingoni, akamwambia ameze mate, akasikiliza.

"Kumeza kwake kumeharibika," akaniambia. "Maji matupu usimpe, hata kijiko. Maji ni mepesi, yanapita njia ya pumzi, yanaingia kwenye mapafu. Mzee kama huyu akiingiwa na maji mapafuni, hapo tutazungumza mengine. Mpe uji mzito wa ulezi, taratibu, kichwa kiiname mbele."

"Atapona?"

"Sijui, mwalimu."

Nimempenda kwa jibu hilo. Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba sijui ni neno la mtu mwenye akili. Hawanipendi kwa hilo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Kumlisha kunakula asubuhi nzima. Kijiko kimoja, ngoja ameze, futa mdomo, kijiko kingine. Na muda wote ananitazama. Mimi na baba hatujawahi kukaa tukitazamana hivi. Tangu utotoni, yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma.

Leo ukimya umenishinda, nikaanza kumfundisha somo nililoliacha shuleni, miezi ya sayari nyingine.

"Tata," nikasema, maana kwa Kikurya ndivyo tulivyomwita, "kuna sayari inaitwa Zohali, nayo ina mwezi mdogo. Upana wake ni kama kutoka Mugumu hadi Dodoma, basi. Unaitwa Enseladasi. Nje ni barafu tupu. Wataalamu walidhani umekufa siku nyingi. Kisha chombo kilichotumwa huko kikakuta kusini kwake kuna nyufa ndefu nne, na kwenye nyufa hizo maji yanaruka juu bila kukoma, yanaganda yakiwa njiani."

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Hakukipokea. Alikuwa anangoja niendelee.

"Chini ya barafu kuna bahari. Haigandi, kwa sababu Zohali inauvuta huo mwezi, inaukaza na kuulegeza kila unapozunguka, kama mfinyanzi anavyofinya udongo. Huko kufinywa kunatia joto ndani. Mengi ya maji hayo yanaanguka tena chini kama theluji. Mengine hayarudi. Yanabaki angani yakiizunguka Zohali, yamekuwa pete kubwa nyembamba."

Nikachukua ungo uliokuwa ukutani nikamwonyesha pete ni nini. Akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ungo, pole pole, hadi mkono ulipochoka.

"Eee," akasema. Ilikuwa eee nyingine, iliyopanda juu mwishoni.

Jumapili, 16 Machi

Nyamhanga hajaja. Wamekuja majirani, amekuja mchungaji, wamekuja hata watu waliogombana na baba juu ya mpaka. Mwanawe wa pekee wa kiume hajaja, na kila anayeingia anaangalia kona za nyumba kama vile nimemficha.

Niandike jambo lenyewe, maana bila hilo masika haya yote hayana maana.

Mama alipokuwa hai, baba alikuwa anampiga. Siku moja ilikuwa kwa sababu ya ndama aliyepotea. Nyamhanga, mdogo wangu, tayari alikuwa mtu mzima. Akaidaka ile fimbo hewani, akaivunja kwa goti. Kwetu hakuna jambo zito kama hilo. Ukishika fimbo ya baba yako umemshika baba yako. Mzee akatoka nje, akaelekea upande linakozama jua, akasema wote tukisikia: "Hutanizika. Na mbegu yako isiote."

Nyamhanga akahamia Mugumu, anatengeneza pikipiki. Akamwoa Modesta. Watoto wao wawili wamezaliwa wamekufa, wote mama akiwa na mimba ya miezi saba. Mimi nimemwambia mara nyingi: nendeni hospitali kubwa, kapimeni damu, kuna sababu zinazojulikana. Modesta alipimwa, wakaambiwa hawaoni tatizo. Basi Nyamhanga akabaki na sababu yake moja.

Laana ya baba huiondoa baba mwenyewe. Anajaza maji kinywani, anampulizia mwanawe kichwani na kifuani, kisha anatamka kwamba amesamehe. Akifa bila kufanya hivyo, amekwenda nayo, na mtoto hatatupa udongo kaburini.

Sasa Modesta ni mjamzito tena. Ana miezi mitano.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia. "Dada, nitakuja," anasema. "Mto umejaa. Magari yanasimama ng'ambo huko, hayavuki. Ukipungua tu nakuja."

"Baba hana muda wa kungoja mto, mura," nikamwambia, kama tunavyowaita vijana wetu wa kiume.

 Nyuma yake nilisikia pikipiki inapigwa resi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Anaweza kuongea?"

"Hapana."

"Hata neno moja?"

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Baba ametaka ungo. Ameuonyesha kwa kidole hadi nikauleta. Nimemsimulia Enseladasi tena tangu mwanzo.

Jumamosi, 22 Machi

Baba mdogo amekuja kumwona mgonjwa. Yeye ndiye msemaji wa wazee wa ukoo siku hizi, na anatembea kama mtu anayelijua hilo. Nikamwandalia ugali na samaki, nikangoja ashibe, ndipo nikamuuliza: Nyamhanga akija, jambo lake litakuwaje?

"Atapuliziwa."

"Kwa mdomo ule?"

Akamtazama kaka yake. Ute ulikuwa unatiririka upande wa kulia. "Mdomo ni wake. Hatuwezi kumwazima mwingine."

"Hata akipewa maziwa mazito? Au uji? Agustina amekataza maji."

"Uji ni chakula, Tabitha. Baraka ni maji."

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokuwa nakikwepa. Kitu pekee kinachoweza kumwokoa Nyamhanga, kwa imani yake, ndicho kitu pekee nilichokatazwa kumpa baba. Nimekaa jikoni nikiutazama mtungi. Nina shahada. Nimesomesha watoto miaka yote hii kwamba laana ni sauti tu, mtikisiko wa hewa, haivuki bonde. Na bado siondoki jikoni.

Jumatatu, 24 Machi

Jaribio. Nimechukua unyoya wa kuku, nikauweka kwenye kiganja mbele ya mdomo wa baba. "Puliza, tata."

Hewa yote ilitokea upande wa kulia na unyoya ukakaa palepale. Akanikasirikia. Akatupa mkono, bakuli la uji likaenda chini. Kwa mara ya kwanza nimemwona yule baba wa zamani, na nikashangaa kwamba mwili wangu ulikwisha kurudi nyuma hadi ukutani kabla sijaufikiria.

Jumanne, 25 Machi

Yeye mwenyewe ameuonyesha unyoya kwa kidole.

Ijumaa, 28 Machi

Umetikisika!

Nikimbana mdomo upande wa kulia kwa vidole viwili, hewa inatoka katikati. Unyoya umetikisika, mara moja, na baba akacheka kwa ule upande wake mmoja. Nikacheka naye. Sikumbuki kama tumewahi kucheka pamoja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi hadi mbuzi wakaja kuniangalia.

Sikulia kwa sababu nimemsamehe, kwa maana sijamsamehe. Mama alikufa na kovu juu ya jicho. Nililia kwa sababu huyu mzee anayehangaika na unyoya ningeweza kumpenda, naye amekuja wakati hakuna muda.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Mto bado. Nyamhanga hajaja. Nimeanza kujiuliza kama kweli ni mto.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Usingizi wa baba umekuwa mrefu, na uji anaurudisha. Agustina anasema huenda amepigwa tena na kiharusi, kidogo, ndani. Unyoya hautikisiki.

Nimempigia Nyamhanga nikamfokea. Nimemwambia mwanaume aliyevunja fimbo ya baba yake asiogope mto. Wifi Modesta ndiye aliyechukua simu mwishoni. Hakunilaumu. "Dada," akasema, "anaogopa akija, mzee atageukia ukutani. Anaona bora asijue." 

Ijumaa, 11 Aprili

Amekuja. Ametembea tangu mtoni, viatu amevifunga shingoni. Amezeeka kuliko mimi. Nimemwona akipita zizi, nikamkimbilia, naye akasimama hatua chache kutoka mlangoni, hakusogea tena.

"Ingia, mura."

"Siwezi. Hajaniita."

"Hawezi kuita mtu! Hana maneno!"

"Basi nitakaa hapa."

Akakaa juu ya kigogo pale uani. Mvua ikaja ikamkuta, naye hakuondoka. Kwetu aliyelaaniwa haingii nyumba ya baba mpaka baba amwite kwa kinywa chake. Nilimletea chai, nikamletea kanga ajifunike, nikamtukana, nikamsihi. Alikunywa chai tu. Baba mdogo yuko Sirari kwenye msiba na hatarudi hadi wiki ijayo, kwa hiyo hapakuwa na mzee wa kutufungulia njia.

Ndani baba alikuwa macho. Sijui kama alijua nani yuko uani. Dirisha lake linatazama zizi, alikopita Nyamhanga.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nimempa baba uji, ameukataa. Nimemwambia, "Tata, Nyamhanga yuko nje. Amelowa. Hataki kuingia mpaka umwite."

Akafumba macho. Akayafumbua. Kisha akatoa ile sauti yake, "Eee!" kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu nifike, hadi kifua kikainuka. Ilikuwa ni kumwita? Ilikuwa maumivu? Nilikwenda mlangoni nikasema, "Amekuita."

Nilisema bila kusita hata kidogo. Nyamhanga alinitazama usoni, akaniamini, akaingia akiwa ameinama.

Akapiga magoti kando ya kitanda. Hawakusalimiana, watasalimiana vipi? Baba alimtazama kichwani, pale nywele zinapoanza kuwa nyeupe. Mkono wa kushoto ukanyanyuka ukaelekea kwenye stuli, na juu ya stuli palikuwa na kikombe cha maji niliyokuwa natumia kumfuta uso.

"Anataka maji," Nyamhanga akasema.

"Amekatazwa maji. Yatamuua."

"Dada. Ameyaonyesha mwenyewe."

Labda. Kando ya kikombe kulikuwa na ungo pia. Labda alitaka ungo.

Nikasimama nimeshika kikombe. Upande mmoja ni mzee ambaye hata nisipompa kitu hatafika mwezi wa sita, na upande mwingine ni mdogo wangu ambaye wanawe wawili wamelala kwenye makaburi ya Mugumu bila majina. Nilijiambia laana haipo. Nikajijibu kwamba woga upo, na woga wa mume hulala kitanda kimoja na mimba ya mkewe. Nikajiambia pia kwamba baba ni mtu mzima na ameonyesha kwa mkono. Kila nilichojiambia kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Nikamwinua baba akae, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi. Nikamtia maji kinywani, kidogo, kisha kidogo tena. Nikambana mdomo upande wa kulia kwa vidole viwili, kama tulivyofanya na unyoya. Nyamhanga akainamisha kichwa hadi kikagusa shuka.

Mashavu ya baba yakajaa. Niliyaona yamejaa, naapa niliyaona. Akayashika maji. Nikahisi mgongo wake unakaza dhidi ya kifua changu, na nikasema kimoyomoyo, puliza, tata, puliza.

Maji yakaruka.

Yalimpata Nyamhanga kichwani na shingoni, yakanipata mkononi, yakapata ukuta. Na hapohapo baba alikuwa anakohoa. Alikohoa hadi uso ukawa wa bluu, macho yakamtoka, mimi nampiga mgongoni na kupiga kelele. Nyamhanga hakuwa anasikia chochote. Alikuwa amejishika kichwa, maji yanamtiririka, anacheka na kulia. "Asante, tata. Asante, tata."

Je, alipuliza kisha akakohoa, au kikohozi ndicho kilichoyatupa maji? Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika. Nimejiuliza kutwa nzima. Mambo yale mawili yalikuja pamoja.

Jumapili, 13 Aprili

Homa. Pumzi inakoroma. Nyamhanga amemweleza Modesta kwenye simu mara tatu jinsi maji yalivyoruka, na kila mara yanaruka mbali zaidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Agustina ameweka kipimo chake kifuani kwa baba. Akakitoa masikioni.

"Ulimpa maji?"

"Ndiyo."

Hakuniuliza kwa nini. Amemchoma sindano, amesema turudie kila siku, na kwamba kumpeleka mjini kwa barabara hii ni kumuua njiani. Alipokuwa akienda alinishika bega. Ningependa zaidi anipige kofi.

Alhamisi, 17 Aprili

Amefariki asubuhi, nikiwa nachemsha uji.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumemzika leo. Nitajitahidi kuandika yote.

Kaburi lilichimbwa kando ya zizi, mahali pa mwenye mji. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, watu wakasema ni heshima kwa mzee. Mchungaji alimaliza ibada yake mapema, akafunga Biblia, akasogea pembeni. Anajua udongo si mamlaka yake.

Nyamhanga alisimama mbele, mahali pa mwana wa kiume, amevaa koti la kuazima. Modesta amebaki Mugumu kwa ajili ya hali yake. Baba mdogo Matiko akasimama ng'ambo ya kaburi na wazee wawili.

"Huyu," akasema, "aliambiwa na marehemu mwenyewe kwamba hatamzika. Wote tunajua. Sasa nasikia alipuliziwa. Nani alisikia maneno?"

"Hakuwa na maneno, baba mdogo," Nyamhanga akasema. "Lakini alinipulizia. Nililowa."

"Hata mvua inalowesha."

Watu wengine wakacheka kidogo.

"Nataka kuelewa tu, mwanangu, sikuonei," akaendelea, na nadhani alisema kweli. "Maneno tunaweza kuyasamehe, maana Mungu aliyachukua. Lakini nasikia pia alikohoa. Kikohozi ni ugonjwa, na baraka ni nia. Kama marehemu aliyapuliza yale maji kwa nia yake, wewe ni mwanawe, tupa udongo. Kama ni kikohozi, ukitupa udongo utawaletea balaa hata wasiokuwamo. Ndani kulikuwa na nani?"

"Dada."

Baba mdogo akainama, akachota udongo mbichi kwenye rundo, akazunguka kaburi, akautia kwenye kiganja changu. Ulikuwa baridi, mzito, una mzizi mmoja mwekundu ndani yake. Kwetu shahidi wa maiti hushika udongo wake. Akidanganya, udongo huo unamdai.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Unatufundishia watoto kusema walichokiona. Sema. Alipuliza au alikohoa?"

Nyamhanga alinigeukia akitabasamu. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kwake, mimi nilikuwa tayari nimejibu, kama nilivyojibu mlangoni.

Na mimi siamini hayo mambo. Siamini kwamba udongo unadai mtu. Lilikuwa neno moja tu, "Alipuliza." Lingetoka, angechota, angetupa, angerudi kwa mkewe akiwa mtu mwenye baba. Mwezi ule wa barafu haunuii kitu unapotupa maji yake, unafinywa tu, na bado pete ipo, imeonekana, imepimwa. Ningeweza kuwaambia hata hilo. Nikafungua mdomo na nikauhisi mgongo wa baba unakaza, nikayaona mashavu yamejaa, na nikatafuta kwenye kumbukumbu kile kitambo kidogo kati ya kupuliza na kukohoa, nikakitafuta kwa moyo wangu wote, na sikukiona.

"Sijui," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Baba mdogo alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyetarajia kitu kingine akakosa. "Basi," akasema. "Kama aliyemshika hajui, sisi hatuwezi kujua."

Tabasamu la Nyamhanga halikuondoka mara moja. Lilikaa pale likisubiri niongeze kitu. Kisha akavua lile koti, akalikunja vizuri, akamrudishia mwenye nalo, akapita katikati ya watu hadi barabarani. Alisimama huko, ametugeuzia mgongo.

Udongo ulikuwa bado mkononi mwangu. Wakaniambia nitupe, nikatupa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua.

Nyamhanga alikwisha kuondoka tulipomaliza kufukia. Simu yake inaita, haipokelewi.

Sijui kama niliuheshimu ukweli au niliuogopa udongo. Nimejipima pande zote. Mlangoni nilimwambia ameitwa, bila kujua, na haikuniuma. Nilikuwa tayari kudanganya hadi nilipowekewa kitu kizito mkononi. Nawachukia wazee wale, kisha nakumbuka kwamba waliniuliza kwa heshima na wakaniachia mimi neno la mwisho. Hata kuwachukia kunanishinda. Baba, ambaye nilimchukia kwa urahisi tangu utotoni, ndiye ninayemkumbuka kila nikipita ungo.

Jumatano, 23 Aprili

Nimefunga nyumba. Agustina amekuja kuniaga. Nimemuuliza kama kikohozi kinaweza kuanza na mashavu yaliyojaa. Amesema, "Mwalimu, nenda kafundishe."

Jumatatu, 28 Aprili. Nyamisangura

Shule. Rambirambi ofisini, soda na maandazi. Madaftari ya kusahihisha.

Ijumaa, 2 Mei

Nimempigia Modesta. Akapokea, akasikia sauti yangu, akakata.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Modesta ameingia mwezi wa saba.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga simu zote mbili, ya Nyamhanga na ya Modesta. Hazipatikani.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekuwa ya manyunyu tu sasa, masika yanakwisha. Leo nimelirudia somo la miezi nililoliacha Machi. Mshtarii ina mwezi wenye volkeno, Neptuni ina mwezi unaotoa moshi kwenye baridi isiyosemeka, na Zohali ina Enseladasi. Nimechora nyufa nne ubaoni. Nimechora maji yakiruka, nikachora pete. Chaki ilikatika mara mbili.

Anayekaa dirishani, Precious, akanyoosha mkono. Ni msichana anayeuliza maswali kama anadai chenji.

"Mwalimu, huko chini ya barafu, ndani ya hayo maji, kuna kitu kilicho hai?"

Kila mwaka kuna anayeuliza, na kila mwaka nina jibu langu. Nawaambia chombo kilipita katikati ya maji yale yanayoruka, kikakuta chumvi, kikakuta joto, kikakuta vitu vinavyohitajika, lakini kiumbe hakijaonekana. Kisha nasema, hatujui. Nalisema kwa majivuno, halafu nawapa kazi ya nyumbani.

Leo nilifika kwenye neno hilo na halikutoka. Simu ilikuwa juu ya meza, kioo kikiwa juu, cheusi, bila neno lolote kutoka Mugumu. Darasa zima lilikuwa linanitazama na kalamu mikononi.

"Kipo," nikasema.

"Kinaishi?"

"Kinaishi."

Wakainama, wakaandika.